Kaimati za Osaka

Juzi kwenye mgahawa wa chai hapa mtaa wa Najma, ughaibuni tunakofanya kazi, dereva mmoja Mzanzibari alikuwa akisimulia safari ya Japani aliyopelekwa na tajiri wake.

"Hoteli yangu ilikuwa matundu ukutani. Unaingia kwa kutambaa, unalala kama maiti kaburini. Nikapiga shahada kabisa!"

"Na chakula je?" akauliza mlinzi Mkenya.

"Nikaona kaimati za moto barabarani. Kuuma, ndani mna pweza!"

"Ukatema?"

Dereva akainamisha kichwa. "Nilikula sahani tatu. Lakini tafadhali, mke wangu asijue. Akinipikia pweza, huwa namwambia pweza ananidhuru."

Tulicheka hadi chai ikamwagika. Wanaume wengi, naona, tuna mzio wa mpishi tuliyemzoea.