Mama Mkwe Alijisifia Mahali Alipomzaa Mume Wangu

Bwana Mhariri, nakuomba jina langu libaki kwako. Barua hii nimeipeleka posta mwenyewe, sikumpa mtu anipelekee. Ukiisoma utajua kwa nini.

Mimi ni mke wa miaka ishirini, mzaliwa wa Pate, nimeolewa hapa Amu, yaani Lamu, mtaa wa Langoni. Nilisoma kidogo, hadi darasa la nne. Nina binti mmoja, Swafiya, bado ananyonya, na usingizi nimeusahau. Mume wangu ni seremala wa vitanda. Wiki iliyopita polisi walimchukua kazini, randa ikabaki juu ya ubao, na mpaka leo hakuna hakimu aliyemwona.

Kwetu mwanamke mimba yake ya kwanza huzalia kwa mamake. Mimi sikuweza. Siku hizi za hali ya hatari mashua za visiwani hazipandwi bila kibali, na ukifika Mtangawanda, bandari ya Pate, askari wanakungoja hapo gatini. Nilikwenda ofisini kuomba. Bwana mmoja wa bara akanitazama tumbo, akasema, "Kwani Amu hakuna wakunga?" Basi nikazalia Langoni, mama yangu yuko Pate hajui kama nimepona au nimekufa.

Mama mkwe hakunisamehe. Siku ya arobaini ya mtoto, wanawake wamejaa ndani, kahawa inazunguka, akaanza: "Nyinyi wa leo mwazaa popote kama paka! Mimi nalishika ndia ya mai, mashuani, na tumbo la miezi minane, nikenda kwetu, nikamzaa mwanangu kwa mama yangu kama mtu." Wote walicheka. Mimi pia nilicheka.

Kwao mama mkwe ni kisiwa cha kaskazini. Zamani ilikuwa kwenda kwa jamaa tu. Leo kiko ng'ambo ya mpaka, nchi nyingine, na anayetoka huko huangaliwa kama adui. Mume wangu aliletwa Pate angali mchanga, na huko ng'ambo hajakanyaga tena.

Alipochukuliwa nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda kituoni. Afisa akaniambia, "Mumeo amezaliwa ng'ambo. Atarudishwa kwao."

"Kwao ni Pate, bwana. Babake na babu yake wamezikwa Pate."

"Sikukuuliza walikozikwa. Nasema alikozaliwa."

Nikamuuliza kosa lake ni lipi. Akasema katika hali ya hatari si lazima anieleze. Lakini siku ya Uhuru mimi nilisikia redioni kwa masikio yangu kwamba kila mtu sasa ana haki yake mbele ya sheria. Nilipomwambia hivyo alitabasamu, na lile tabasamu sikulipenda. Akasema, "Mwisho wa mwezi mje, wewe na mkweo. Mmoja wenu ashike Msahafu aape kwamba mumeo alizaliwa Pate. Halafu tutaona." Hakusema atamwachia. Alisema tutaona.

Nilimrudia mama mkwe nikamweleza yote, nikasema huenda maneno yake ya kujisifu ndiyo yaliyofika kituoni. "Mimi?" akaruka. "Nimenena lini maneno hayo?"

"Mama, ulisema siku ya arobaini, mbele ya watu."

"Basi apa wewe. Mimi ni mtu mzima, siku zangu zimekaribia. Nikakutane na Mola wangu na uongo mkononi?"

"Na mimi nikakutane naye na nini, Mama?"

Alivuta buibui usoni akalia, na mimi nikamshika mkono, maana ni mwanawe, hana mwingine.

Linalonikosesha raha zaidi ni jirani yangu. Nimwite Mama Petero. Ni mtu wa bara, mke wa askari, na siku ya arobaini alikuwapo. Matiti yaliponivimba ni yeye aliyenikanda kwa maji ya moto. Juzi aliniletea uji, akafunga mlango nyuma yake, akanong'ona: "Mama Swafiya, wewe apa tu. Mimi siku ile sikusikia kitu. Wakiniuliza, nitasema Kiamu chenu hunipita."

Nilimshukuru. Ameshakwenda, bakuli nimeshaliosha, ndipo nikayarudia maneno yake. Sababu ya mume wangu kushikwa, na habari ya kile kiapo, nilimwambia mama mkwe peke yake, na yeye hajatoka nje tangu siku hiyo. Mama Petero kajuaje?

Labda mumewe alimsimulia, naye amenihurumia. Au ni yeye aliyepeleka maneno ya arobaini kituoni, na sasa anataka niape ili nami nikamatwe kwa kusema uongo, mtoto abaki na nani? Nikimtazama usoni naona mtu aliyenikanda. Akigeuka, namwona mke wa askari.

Uongo juu ya Msahafu sitauapa, hilo nimeamua. Lakini nikisema kweli, nitakuwa nimemfukuza mume wangu kwa kinywa changu. Nikinyamaza, hawamwachii.

Nyinyi wasomaji mnaojua sheria, niambieni: mtu huwa mgeni kwa sababu mamake alikwenda kuzalia kwa mama yake? Je, hakuna sheria inayotazama alikolelewa, alikooa, na walikolala baba zake? Kama ipo, nielezeni niiseme vipi mbele ya yule afisa, nami nitaisema, siogopi. Na Swafiya wangu akikua, akishika mimba yake ya kwanza, nimwite aje kwangu, au nimwambie azalie karibu na ofisi?

Mama Petero ameahidi kuja tena kesho na uji. Nimfungulie au nisimfungulie? Nipeni shauri, nami niko tayari kulisikia.