Senta Asiyeruka

Kabla hujaandika majina ya timu yako, mwanangu, ipo siku moja ya nilipokuwa nikifundisha Mpuguso ninayoikumbuka, ingawa ningefurahi kuisahau. Ilikuwa miaka ya vijiji vya Ujamaa. Nilikuwa mwalimu kijana, nimepewa kazi ya kuchagua timu ya wilaya ya mpira wa kikapu, na unajua mtu mwenye filimbi shingoni anavyojiona.

Senta wangu alikuwa Lugano wa kijiji cha Suma, mrefu hata mlangoni akiinama. Nitakueleza alivyocheza, maana wakati ule sikumwona. Alisimama karibu na goli, amekipa kikapu mgongo, na hakuna aliyeweza kumsogeza. Akipewa mpira aliushika juu ya kichwa, akatulia, akamtafuta mwenzake aliyekuwa akikatiza, akampa. Wafupi wetu wote walifunga kwa sababu yake. Ila hakuruka. Mpira ukigonga ubao, yeye aliusubiri ushuke.

Katika daftari niliandika urefu wake, kisha neno moja: mvivu. Laiti ningeishia kwenye daftari. Siku ya mazoezi ya mwisho, uwanja wa udongo umelowa mvua, nilipuliza filimbi nikamwambia mbele ya wenzake, "Lugano, unakula jasho la wenzako. Wewe ni kupe."

Leo neno hilo mnamwachia ng'ombe. Wakati ule ndivyo walivyoitwa wanyonyaji, na kijana wa kijiji cha Ujamaa angeona afadhali kupigwa. Kwetu kijana habishani na mkubwa wake. Mpira uliofuata aliruka, tena juu kuliko wote. Aliposhuka, goti lilikwenda upande. Nilisikia lilivyolia, na mpaka leo nalisikia.

Hospitali walifanya walichoweza. Nilipomrudisha kwao, mama yake alinikaribisha, akaniandalia ndizi, ndipo akasema taratibu, "Ndaga, asante mwalimu, kwa kumleta. Goti hilo aliliumiza akibeba matofali ya zahanati ya kijiji. Alificha, asije akaitwa mvivu. Ungemuuliza, angekwambia."

Niliisogeza kando sahani ya ndizi.

Lugano hakucheza tena. Hata mteremko wa shamba la chai la baba yake ulimshinda. Akawa mtu wa kukaa barazani kupukuchua maharage. Nilimwomba radhi, akasema yamekwisha. Hayakwisha. Miaka mingi baadaye, tulipomzika, fundi ilimbidi aunge mbao ili jeneza limtoshe, nami nilisimama pale nikitazama zile mbao.

Wazee husema maneno makali hayavunji mfupa. Langu lilivunja. Basi mwanangu, ukiona mchezaji hafanyi jambo, usikimbilie kumpa jina. Tazama kwanza anachokifanya vizuri, kisha mvute kando, mkiwa wawili, umuulize anaumwa wapi. Mungu akupe ulimi mzito, na kila mtoto atakayeruka kwa amri yako ashuke salama.