Aya ya Mwenzangu

Nikiwa kidato cha pili, Kayole, tulisoma kitabu darasani kwa zamu, kila mtu aya moja. Herufi zilinichanganya, kwa hivyo nilihesabu madawati, nikajua aya yangu, na rafiki yangu akaninong'onezea mpaka nikaikariri.

Siku moja msichana wa mbele yangu alienda msalani. Zamu yangu ikafika mapema, nami nikasimama nikasoma kwa mbwembwe aya niliyoikariri, ambayo sasa ilikuwa ya mwenzangu wa nyuma. Darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka. Alinipeleka kwa mwalimu wa mahitaji maalum, na katika mtihani uliofuata huyo alinisomea maswali, akaandika nilivyojibu. Nilimaliza kabla ya kengele. Nikashusha pumzi, halafu nikakasirika: miaka yote hiyo wananiita mjinga, na majibu ninayo!