Mahindi ya Saa Saba

Mama yangu, Kalunde, aliiamini redio kama alivyoamini Biblia, na Biblia haikuhitaji betri. Naibu wa chifu wetu kule Mbooni, Bwana Musyoka, ambaye sote tulimwita sabu, ndiye aliyemtia imani hiyo. Alitangaza barazani kwamba kila boma linunue redio, hata kama ni zile ndogo za bei ya chini, ili tusikie serikali inasema nini. Anayebishana na redio, akaonya, anabishana na serikali, na atalala ndani. Mama akauza mbuzi. Redio ikakaa mezani juu ya kitambaa alichokidarizi mwenyewe, na betri zikichoka alizianika juani pamoja na mihogo.

Mwaka wa 1984 hakukuwa na mihogo ya kuanika. Mvua ilitukataa kabisa. Tulikuwa tukichemsha majani, na mdogo wangu Mbuvi alikuwa ameacha hata kulia, jambo lililomtisha mama kuliko kilio.

Siku moja taarifa ya saa saba ikasema hakuna mwananchi mwenye njaa, kwani mahindi yameshafika katika kila kata ndogo. Mama alipiga vigelegele. Akachukua gunia, akapita shambani ambako wanawake wa mwethya walikuwa wakichimba matuta kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Wakamfuata wote na majembe yao mabegani, wakiimba, hadi kwa Musyoka.

Walimkuta amesimama mlangoni pa ghala lake, ambalo, Mungu anisamehe, lilikuwa limejaa pomoni.

"Bwana sabu, tumekuja kuchukua mahindi," mama akasema.

"Mahindi gani, mwaitu, mama yangu?"

"Ile ya redio. Imesema imefika."

"Hiyo redio..." Musyoka akaanza, kisha akafunga mdomo.

Wanawake wakashusha majembe. Mama, ambaye hakuwa na hila hata chembe, akauliza kwa adabu, "Redio imefanya nini, Bwana sabu?"

Jasho lilimtoka mzee wa watu hadi kofia ya kazi ikalowana. Aliwatazama wote, pamoja na mama mmoja mwenye shemeji polisi.

"Redio imesema kweli," akajibu kwa sauti ya mgonjwa, na akafungua ghala. Mkewe, Mbula, aliingia jikoni akajifungia.

Jioni tulikula isyo, mahindi na maharagwe machache ya kuombaomba, na Mbuvi akalia akitaka kuongezwa. Mama naye alilia, kwa furaha.

Mahindi ya serikali yenyewe yalikuja mvua ikiwa imeshanyesha. Musyoka alifika kwetu asubuhi ya siku hiyohiyo kuomba arudishiwe yake.

Mama alimwonea huruma ya kweli.

"Yako namna gani? Ile tulikula ilikuwa ya serikali. Ama unasema redio ilidanganya?"

Musyoka aliitazama redio pale mezani, akasema chai ilikuwa tamu, akaenda zake. Hakuwa amepewa chai.