Siku Tano za Jua Ureno

Wewe msomaji, ukipewa siku tano za jua kwenye pwani ya Ureno, utafanya nini?

Jumanne nilikuwa Rohero, katikati ya mji wetu, kwenye secrétariat public, kile kibanda cha kuchapia barua na fomu, nachapisha CV nyingine isiyoleta kazi. Mbele yangu mama mmoja wa kitenge cheusi alikuwa anajaziwa dossier, yaani faili, ya visa ya Ureno. Mwenye kompyuta huwawekea wateja wote programme ileile, ratiba ya siku tano za watalii.

"Mama, siku ya kwanza kuogelea. Ya pili, kupanda bateau baharini. Ya tatu, sardine za kuchoma. Sawa?"

"Sawa. Na kuzika utaandika siku gani?"

Yule bwana akaacha kuchapa, akamgeukia.

"Kuzika nani, mama?"

"Mutoto wangu. Alikuwa anaosha sahani mu hoteli ya kule."

"Pole, mama. Lakini ukisema kilio, watadai acte de décès, cheti cha kifo cha kule, na utakingojea mwezi mzima. Kuogelea tukuache palepale kwenye programme."

Mama alivuta kitenge mabegani. "Andika basi. Lakini mi sijui kuogelea."

Kwetu Kajaga, ufuoni mwa ziwa, tunalo jua na maji. Kazi ndiyo hatuna, ndiyo maana watoto wanaenda kufia pwani za wengine.

Messieurs wa visa, mkikuta dossier ya bibi anayetaka kuogelea, msicheke. Mpeni visa wiki hii. Mwanawe bado yuko kwenye frigo ya maiti, anamngojea.