Tulivyosherehekea Chuo Kabla ya Kukiomba

Nilikotoka, matokeo ya mtihani ni mali ya ukoo mzima. Yakitoka mazuri, mtoto hubebwa mabegani, anaimbiwa, na hata jirani mliyenuniana naye anakuja kunywa chai. Alama ndizo zinazokupeleka chuo kikuu, basi. Kwa hiyo binti yangu alipofanya SAT, mtihani ambao watoto wa Marekani hufanya kabla ya kuomba chuo, na mwalimu wake akasema alama zake ni za juu sana, sikungoja ushauri wa mtu. Nikatafuta mbuzi.

Hapa Euless, Texas, huwezi kuchinja mbuzi kwenye roshani ya ghorofa ya pili, ingawa sisemi kwamba sikuwaza. Mwenye bucha alinikatia vizuri, nikaalika kanisa letu la Wakenya, na manesi wenzangu wakaja na pilau na chapati. Mdogo wangu aliendesha gari kutoka Alief, kule Houston, akafika amevaa fulana yenye rangi za chuo ambacho binti yangu alikitaka. Chuo chenyewe ni cha serikali, katika jimbo lenye milima. Mtoto anataka kusoma miamba na volkano, na huku kwetu Texas ni tambarare kiasi kwamba mpira ukiuacha barabarani hauendi popote.

Mchungaji alikuwa amemwombea "mwanachuo wetu" kwa sauti ya kusikika uwanja wa ndege, binti yangu aliponivuta jikoni.

"Mum, hata sija-apply."

"Si umepita?"

"Huku si Kenya, Mum. Score ni kitu kimoja tu. Na mimi ni out-of-state."

Akaketi juu ya kreti ya soda, akanieleza polepole, kama ninavyowaeleza wagonjwa wangu dawa. Chuo cha jimbo ni cha watoto wa jimbo kwanza, maana kodi za wazazi wao zinasaidia kukiendesha. Wanaotoka majimbo mengine wanagombania nafasi zinazobaki, na wengi wao wana alama kama zake au kuzidi. Alama zinazomtosha mwenyeji huenda zisimtoshe mgeni.

Damu ilinichemka. Hayo nilikuwa nayajua! Enzi zetu shule ya mkoa ilichukua watoto wa mkoa wake kwanza, na mimi nilizaliwa ng'ambo ya mto, upande usiofaa. Nikaikosa shule niliyokuwa nikiiona kutoka uani kwetu. Sasa nimevuka bahari nzima, na ule mto nimeukuta Marekani.

Lakini sebuleni watu walikuwa wanaimba, na mbuzi akishapikwa haombi radhi. Tulikula.

Aliomba chuo cha milimani, na kwa shingo upande akaomba pia viwili vya Texas, kimoja Houston. Miezi iliyofuata kila Jumapili niliulizwa, "Anaenda lini?" Nikawa najibu, "Mungu ni mwema," jibu ambalo kwetu linatosha kila swali. Mdogo wangu ndiye hakutaka kuelewa.

"Dada, mwambie aanze ku-pack. Baridi ya kule si mchezo!"

Jibu lilikuja alasiri moja, tukiwa ndani ya gari nje ya supamaketi. Aliisoma simu, akailaza kifudifudi mapajani.

"Wamekataa," akasema. "Mum, mimi ni mtu wa nje."

Alisema kwa Kiswahili, yeye anayenijibu kwa Kiingereza siku zote. Alizaliwa hapa; hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Roho iliniuma kuliko nilivyotarajia. Kisha akaniuliza, "Wewe umeweza aje, miaka yote hii?"

Swali hilo sijawahi kuulizwa na mtu. Nikamwambia ukweli.

"Nalia kidogo kwa gari, mama. Halafu nafuta uso naingia job."

Basi tukalia kidogo kwa gari. Mama mmoja aliyekuwa akitungojea tutoke ili aegeshe akapiga honi, tukaangua kicheko huku machozi yakitutoka. Tulimwonyesha kwa mikono kwamba hatuondoki.

Jumapili nilisimama kanisani nikawaambia wamemnyima nafasi. Halafu mzee mmoja akasema yule mbuzi alikuwa mtamu na yeye harudishi, kanisa zima likacheka, na baada ya ibada binti yangu alikumbatiwa hadi akaomba maji.

Chuo cha Houston kilimchukua. Kina somo la miamba, na safari za kwenda kuiona milima yenyewe. Alifurahi taratibu, siku hadi siku, mpaka nikamsikia akijisifu kwa marafiki zake.

Mwezi wa nane nilimpeleka siku ya kukaribisha wanafunzi wapya. Ukumbini kulikuwa na meza mbili: moja ya familia za Texas, nyingine ya waliotoka nje ya jimbo. Miguu yangu ilijipeleka yenyewe kwenye hiyo ya pili. Nilikuwa nimeshatoa kitambulisho na kuvaa ule uso wangu wa ofisi za serikali, wa kutabasamu kabla sijaulizwa kitu, nilipohisi mkono wangu unavutwa.

"Mum, unaenda wapi? Hiyo si yetu," binti yangu akasema. "Sisi ni wa hapa."

Nikamfuata.