Kurasa Ambazo Odile Hakuzikata

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, kando ya mto Saône mjini Lyon. Odile Vernay anafungua masanduku yake na kupanga riwaya kuukuu za karne ya kumi na tisa, za Kifaransa, za Kirusi, za Kiingereza. Ndani ya nyingi anachomeka kikaratasi chenye neno moja: "Sijasoma."

Bastien, muuza ramani wa meza ya jirani, hamwachi apumue.

"Dada Odile, leo unauza vitabu au unaungama?"

"Uza ramani zako, baba. Niache." Anatabasamu kidogo, kisha anainamisha uso.

Kwa miaka ishirini na miwili Odile, 59, amewashauri watu wasome nini. Siku njema huuza vitabu kumi na vitano, na vingi vinauzwa na ulimi wake. Wateja hawakujua kwamba sifa hizo aliziokota kwa wateja wenzao.

"Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na mitano," anasema. "Mmoja akisifu kitabu, nami namsifia wa pili vilevile. Nilikuwa kasuku."

Siku za mwizi ni arobaini. Septemba iliyopita alikuja Ghislaine Pommier, mwalimu mstaafu na mteja wake wa siku nyingi, akiwa ametoka kumzika mumewe. Alitaka riwaya nene ya kumliwaza. Odile akamletea nakala yake mwenyewe kutoka nyumbani, akamuuzia.

"Nimeisoma mara tatu, mama. Utacheka mpaka mbavu ziume."

Vitabu vya zamani vya huku vilitoka kiwandani karatasi zikiwa zimeshikana pembeni, na msomaji huzikata kwa kisu kadiri anavyosoma. Wiki iliyofuata Ghislaine alirudi na kitabu. Kuanzia ukurasa wa 48, hakuna karatasi iliyokuwa imekatwa.

"Bi Odile, hizo mara tatu ulisomaje? Kwa ramli?"

Waliokuwapo wakaangua kicheko. Ghislaine hakucheka. Aliweka kitabu mezani, hakudai hela yake, akaenda zake. Tangu hapo hupita ng'ambo ya mto.

"Afadhali angenitukana," Odile anasema. "Niliona aibu mpaka nikashindwa kufunga masanduku."

Sasa kila asubuhi, kabla ya kahawa, anakata na kusoma. Jumatano, katika kitabu kile alichorudisha Ghislaine, alifika ukurasa wa 302, ambapo mwanamke wa hadithi ameketi peke yake kando ya maiti ya mumewe, anamfunga vifungo vya shati. Odile aliweka kisu chini.

"Hiki ndicho nilichompa mjane, nikamwambia atacheka." Anafuta macho. "Namshukuru Mungu hakufika huku."

Leo atafunga mapema aende kwa Ghislaine. Atampelekea kitabu gani?

"Sina cha kumpelekea. Nitagonga, nimwombe radhi, nimwambie sijui kitu. Akinifungulia, nitamwomba anichagulie yeye cha kusoma."